Nchi Ikipata Janga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Dar es Salaam

Maswali haya watu wa jiji huyarudia kila nchi inapotikisika: kwenye magrupu ya mitaa, kwenye simu za vipindi vya redio, barazani. Nayajibu kama mtu aliyefanya kazi kwenye chumba cha habari cha redio hapa jijini, na kote nimetumia kipimo kimoja: habari hii ikimfikia mtu, atafanya nini nayo? Wakati wa janga watu hukimbia, hubaki ndani, hutoa pesa benki au hurudi kumtafuta mtoto kwa sababu ya maneno waliyoyasikia dakika tano zilizopita.

## Mambo ya msingi

1. Janga la kitaifa ni lipi hasa?

Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na shughuli hizo ziko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Hapa tunazungumzia tukio lolote linalofanya nchi nzima itegee sikio kwa wakati mmoja: meli imezama, ghorofa limeanguka, kiongozi amefariki, maradhi yameingia, mafuriko yamebeba nyumba, uchaguzi umegeuka vurugu.

2. Kwa nini uvumi hutangulia habari?

Kwa sababu anayejua kwanza haruhusiwi kusema, na anayeruhusiwa kusema bado hajajua. Askari wa zimamoto aliye juu ya kifusi anaona kwa macho yake, lakini msemaji ni mkuu wake. Mkuu anasubiri ripoti. Mkuu wa mkoa yuko njiani. Saa mbili, tatu zinakatika, na jiji lenye simu kila mfukoni haliwezi kukaa kimya muda wote huo.

Mfano ambao wengi bado wanaukumbuka ni wa Machi 2021. Rais John Magufuli alikuwa ameonekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Maneno yakaanza kuzagaa. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Njombe, aliwaambia watu kwamba Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Polisi wakawakamata watu kwa madai ya kusambaza uvumi. Usiku wa tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kupitia TBC kwamba Rais amefariki dunia katika Hospitali ya Mzena, hapa hapa Dar es Salaam.

Linganisha na Oktoba 1999. Wananchi walikuwa wameshaambiwa kwamba Mwalimu Nyerere ni mgonjwa na amelazwa London. Alipofariki tarehe 14, Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa siku hiyohiyo. Watu walilia, lakini hawakulazimika kubishana kama ni kweli. Naamini kabisa kwamba taarifa pungufu inayotolewa mapema inafaa kuliko kamili inayochelewa, hata ikiwa ni sentensi moja tu: "Tukio limetokea, uokoaji unaendelea, tutarudi kwenu saa nane."

3. Nani ana mamlaka ya kutaja idadi ya waliofariki?

Kwa kawaida ni mkuu wa mkoa, kamanda wa polisi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au mganga mkuu wa mkoa. Tukio likiwa kubwa, hutaja Waziri Mkuu, Msemaji Mkuu wa Serikali au Rais mwenyewe. Mtu aliyeko eneo la tukio ni shahidi wa alichokiona, na ushahidi wake una thamani kubwa, ila hawezi kujua idadi nzima.

4. Mbona idadi hubadilika kila saa? Wanaficha?

Wakati mwingine kuna kuficha. Mara nyingi kuna kuhesabu. Hospitali inahesabu miili iliyofika mochwari, waokoaji wanahesabu waliotolewa chini ya kifusi, polisi wanahesabu waliokwisha kutambuliwa na ndugu. Wote watatu wanaweza kutaja namba tofauti mchana mmoja na wote wakawa wakweli. Ghorofa lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, waliofariki walitajwa kuwa 13, kisha namba ikaendelea kupanda kadiri kifusi kilivyofukuliwa.

Kwenye meli hali ni mbaya zaidi, kwa sababu watu hupanda bila kuandikishwa. Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, miili iliyopatikana ilikuwa takriban 200, lakini tume iliyochunguza ilikuja kuonyesha kwamba waliopotea walizidi 1,000. Anayetaka kujua ukweli wa idadi ya namna hii aulize orodha ya abiria iko wapi na ilijazwa na nani.

Ukitaja namba, taja na mwenye namba na saa: "kwa mujibu wa mkuu wa mkoa, hadi saa nne asubuhi." Mtu akiisoma jioni atajua imepitwa na wakati.

## Simu yako na grupu la mtaa

5. Nimetumiwa sauti ya WhatsApp inatisha. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Isikilize tena, taratibu. Sauti hizi zina mtindo wake. "Jamani, nimepigiwa sasa hivi na shemeji yangu anafanya kazi Muhimbili…" Shemeji hana jina. Msemaji naye hana jina. Anasema "leo" lakini hataji tarehe, kwa hiyo leo hiyo inaweza kuwa ya mwaka juzi. Nyuma unasikia honi ya bajaji na mtoto analia, na hizo kelele za nyumbani ndizo zinazokushawishi kwamba huyu ni mtu kama wewe na hana sababu ya kudanganya. Mwisho anaagiza: "Usikae na hii, wajulishe wengine."

Tazama juu ya ujumbe kama kuna alama ya kwamba umesambazwa mara nyingi. Muulize aliyekutumia swali moja tu: "Wewe umeitoa wapi?" Kama inahusu eneo fulani, mpigie mtu anayeishi hapo. Dar hii hakuna asiyekuwa na mtu Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto. Kupiga simu ya dakika moja kumezima uvumi mwingi kuliko taarifa za wizara.

Usipopata uthibitisho, inyamazie. Hutadaiwa na mtu yeyote kwa kutosambaza.

6. Aliyetuma uvumi kwenye grupu la ukoo ni baba mkubwa. Nitamwambiaje?

Usimjibu mbele ya grupu. Ukimkosoa hadharani atatetea heshima yake, na uvumi utapata mtetezi ambaye hakuwa nao. Mpigie: "Shikamoo baba mkubwa. Ile sauti uliyotutumia, nimeulizia kule Kigamboni wanasema hakuna kitu. Naomba uifute kwa wote, maana shangazi wa Mwanza ameanza kuhangaika." Mwelekeze jinsi ya kufuta kama hajui. Mwache aandike mwenyewe kwamba ameiondoa, kwa sababu neno lake lina uzito kuliko lako, na mara nyingine naye atakupigia kwanza kabla hajatuma.

7. Kuna ubaya gani kutuma picha za waliofariki? Si ni ukweli?

Ni ukweli wa familia kabla haujawa wa mtu mwingine. Kwetu habari ya kifo hupelekwa. Anatafutwa mzee au jirani mwenye busara, mfiwa anaombwa akae, na aliye safarini huambiwa tu "njoo, baba anaumwa" ili afike salama. Status ya WhatsApp hairuhusu hayo yote. Mtu yuko ndani ya daladala, anafungua simu, anaona shati alilompigia mwanawe pasi asubuhi.

Baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, video za watu wakiungua zilizunguka nchi nzima ndani ya saa chache. Zaidi ya watu 100 walikufa kutokana na mlipuko ule, na video zile hazikumsaidia hata mmoja wao. Dini zetu zote zinatuagiza kumsitiri maiti. Hapa sina upande wa pili wa kuupima: usitume, na ukitumiwa, futa.

Kurekodi kwa ajili ya ushahidi ni jambo jingine. Soma swali la 16.

8. Ninaweza kufungwa kwa kusambaza habari ya uongo?

Ndiyo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha habari akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kudanganya umma au kumdhuru mtu. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Vyombo vya habari vya mtandaoni vina kanuni zake chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Aprili 2020, wakati wa korona, leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ilisimamishwa kwa miezi 6 kwa sababu ya picha ya Rais akiwa sokoni katikati ya watu, ambayo ilielezwa kuwa ya zamani.

Maneno "akijua" na "kwa nia" yana uzito mahakamani, lakini kukamatwa hutangulia mahakama. Ni vizuri raia akalijua hilo. Ni vizuri pia viongozi wakajua kwamba sheria ya aina hii inapotumika kunyamazisha watu wanaouliza, watu wanaacha kuuliza hadharani, kisha wanaulizana gizani.

9. Ndugu yangu yuko eneo la tukio na hapokei simu. Nifanye nini?

Acha kumpigia mfululizo. Kariakoo mwaka 2024 kulikuwa na watu chini ya kifusi waliowasiliana na walio juu kwa simu, na chaji ya simu ile ilikuwa uhai wao. Teueni mtu mmoja wa familia apige, tena kwa nafasi, na atume ujumbe mfupi usemao "tunajua uko wapi, tunza chaji." Wengine wagawane hospitali: mmoja Muhimbili, mmoja Amana, mmoja Temeke au Mwananyamala, kutegemea tukio liko wapi. Polisi ni 112, zimamoto ni 114.

Kama mna watoto, kubalianeni leo mahali pa kukutana. Maghala ya silaha yalipolipuka Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011, watu walikimbia kila mtu upande wake, na watoto wengi waliopotezana na wazazi walikusanywa Uwanja wa Uhuru. Miaka miwili kabla, Mbagala ilikuwa imepitia hayohayo. Mtoto wa miaka sita anaweza kukariri namba moja ya simu na jina la mtaa. Mfundisheni.

## Redio, televisheni na magazeti

10. Kwa nini redio hupiga nyimbo za maombolezo wakati sisi tunataka habari?

Kiongozi mkuu akifariki, siku za maombolezo hutangazwa, bendera hupepea nusu mlingoti, na vituo huondoa muziki wa kawaida na matangazo ya shangwe. Ni heshima, na hakuna anayeipinga. Tatizo ni pale nyimbo zinapochukua nafasi ya kazi. Mhariri anaogopa kukosea, basi anaweka wimbo, kisha salamu za rambirambi, kisha wimbo.

Msikilizaji wa Buza anataka kujua barabara ipi imefungwa, benki ziko wazi, shule zipo au hazipo, na kama aende kuaga mwili au abaki. Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walikufa kwenye msongamano Uwanja wa Uhuru, walikokwenda kumuaga Rais Magufuli. Siku kama ile, kituo kinachorusha matangazo moja kwa moja kina jambo moja la kurudia kila dakika kumi hata kama linaonekana halina heshima ya msiba: milango ipi imejaa, na walioko njiani warudi nyumbani.

11. Kwa nini vyombo vya nje hutangaza mambo yetu kabla ya vyetu?

Havipewi leseni hapa, kwa hiyo haviogopi kunyang'anywa. Sababu nyingine ni kwamba mwandishi wa ndani hupata habari mapema lakini huambiwa asubiri tamko. Usidhani kwa hayo vya nje havikosei: hukosea majina ya mitaa, hukosea viongozi, na wakati mwingine hutumia video ya nchi nyingine. Sikiliza pande zote mbili, kisha angalia wanakubaliana wapi.

12. Mwandishi kumuuliza mfiwa "unajisikiaje" ni sawa?

Hapana. Mwache mfiwa. Kama familia imeteua msemaji, zungumza naye, na umuulize anachotaka watu wajue juu ya marehemu. Kipaza sauti hakisogezwi kwenye mdomo wa mtu anayetweta.

## Mtaani

13. Kwa nini watu hukimbilia kwenye hatari badala ya kuikimbia?

Wengine hukimbilia kusaidia, na nchi hii inawadai shukrani. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson akajulikana nchi nzima kwa kujitosa kuwaokoa abiria. Watu 43 walikuwa ndani ya ndege na 19 walifariki.

Wengine huenda kuangalia. Msamvu wapo walioenda kuchota petroli na wapo waliosimama tu. Kama huna kamba, mtumbwi, jeki, ujuzi wa huduma ya kwanza wala nguvu ya kubeba machela, mwili wako unaziba njia ya gari la wagonjwa. Dar barabara zetu ni finyu, na bodaboda hamsini zilizoegeshwa mdomoni mwa mtaa zinatosha kuchelewesha zimamoto.

14. Bei hupanda siku ileile. Nani anapandisha?

Muuzaji anapandisha na mnunuzi anamsaidia kwa kununua vya mwezi mzima kwa siku moja. Mwaka 2020 barakoa na vitakasa mikono vilipanda bei namna hiyo. Nunua vya wiki, na umuulizie jirani mwenye kibarua cha siku, maana yeye hana akiba ya kukimbilia dukani.

15. Nitajuaje kama namba ya michango ni halali?

Namba halali hutangazwa na taasisi yenyewe kupitia kurasa zake na vyombo vya habari, na jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri huwa ni la taasisi. Likitokea jina la mtu binafsi usiyemjua, sitisha. Damu haina utapeli: nenda hospitali kubwa au kituo cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama.

## Hali zisizo za kawaida

16. Nimerekodi kitu kizito: kosa la ujenzi, au mtu akidhuriwa. Nikitunze au nikifute?

Kitunze. Usikikate wala kukiwekea maandishi au muziki. Andika pembeni tarehe, saa, mahali na ulikuwa umesimama wapi. Weka nakala nje ya simu. Kionyeshe kwa wakili, tume ya uchunguzi au mwandishi unayemwamini, ukificha sura za waathirika. Ushahidi uliohifadhiwa hivyo unaweza kusomwa miaka mitatu baadaye. Video iliyopitia magrupu mia haijulikani tena ni ya nani wala ya lini.

17. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kimbunga na hakikutupiga. Niwaamini tena?

Waamini. Kimbunga Jobo kilitabiriwa Aprili 2021 kikapungua nguvu kabla ya kufika pwani, na wengi wakasema tumetishwa bure. Mei 2024 Hidaya ikaja kweli na kutikisa Mafia na pwani ya kusini. Utabiri husema uwezekano, na aliyehama bonde la Msimbazi kwa siku mbili bila mafuriko amepoteza nauli na usingizi tu. Desemba 2011 watu takriban 40 walikufa jijini kwa mafuriko.

18. Intaneti imezimwa. Nitapata wapi habari?

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika nchini na ilianza kurejea mwanzoni mwa Novemba. Dar es Salaam kukawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Watu walibaki na redio, simu za kawaida na dirisha. Kinachosaidia hali hiyo: redio ya betri, namba muhimu zilizoandikwa kwenye daftari, fedha taslimu kidogo ndani, na jirani mnayeaminiana.

Mtandao ukikatika uvumi hubadili gari tu, unapanda mdomo. Na mtu mwenye mjamzito ndani au mgonjwa wa figo anayehitaji kusafishwa damu anabaki hajui njia ipi inapitika. Kwa maoni yangu, kuzima mtandao katikati ya janga huwaumiza kwanza wale wasiohusika kabisa. Mtandao ukirudi, picha zote za siku zile hufika kwa mkupuo. Hapo rudi swali la 5 na la 7 kabla ya kugusa chochote.

19. Wiki imepita, vyombo vya habari vimehama. Nani anafuatilia?

Wewe na mimi. Machi 2013 ghorofa lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, likaua zaidi ya watu 30. Likazungumzwa, likasahaulika. Mwaka 2024 likafuata la Kariakoo, na tume ikaundwa kukagua majengo ya eneo lile.

Andika ahadi zilizotolewa siku ya msiba, nani alizitoa na tarehe gani. Peleka karatasi hiyo kwenye mkutano wa mtaa, umuulize diwani kwa utaratibu: ripoti ya tume imetoka? Majengo mangapi ya kata yetu yalikaguliwa? Familia zilizoahidiwa fidia zimelipwa? Kama una rafiki mwandishi, mpe nakala na umkumbushe tarehe ya mwaka mmoja ikikaribia, kwa sababu wakati huo mhariri wake hutafuta habari ya kuandika.